Boxer, TVS, ya Kichina, Honda XL au skuta: ipi ya kwendea kazini Dodoma bila mgongo kuuma?

Tangu wizara zihamie Mji wa Serikali Mtumba, Dodoma imekuwa na watu wengi ambao kila asubuhi wanatoka Nkuhungu, Chang'ombe, Miyuji au Kizota na kukata kilomita 15, 20 au zaidi kuelekea mashariki, jioni wanarudi. Wengi wanaishia kununua pikipiki. Wakifika dukani, swali la kwanza ni cc, yaani ukubwa wa injini: nichukue 125 au 150? La pili ni bei. Wakishalipa wanapanda, wanaondoka, na baada ya mwezi wanaanza kulalamika kiuno na ganzi ya vidole.

Kwangu mimi swali la kwanza ni hili: unapita wapi, na miguu yako ina urefu gani? Kinachomchosha mtu juu ya pikipiki ya kazini ni nadra kuwa udogo wa injini. Mara nyingi ni siti, usukani, shokapu zilizokazwa kwa ajili ya mizigo, au breki ya mguu iliyokaa juu mno. Nusu ya mambo hayo unayachagua siku ya kununua, na nusu iliyobaki unaitengeneza mwenyewe kwa spana. Nitalinganisha pikipiki kwanza, halafu tuje kwenye spana.

Njia yako kabla ya pikipiki yako

Dodoma ina njia za aina tatu, na mtu mmoja anaweza kuzipita zote asubuhi moja. Kuna lami ya barabara kuu ya kwenda Dar es Salaam, iliyonyooka, yenye malori na upepo. Kuna lami za mitaani zenye matuta, Area D, Ilazo, Kisasa. Halafu kuna mitaa mipya ambako viwanja vimepimwa juzi na barabara bado ni udongo: Iyumbu, Ntyuka, ndani ndani kule Nzuguni na Ihumwa. Huko kiangazi ni mchanga na vumbi, na kuanzia Desemba hadi Aprili mvua zikipiga, maji yanachimba korongo mahali ulipopita jana bila shida.

Kama nyumba yako iko mita mia mbili kutoka lami, sahau habari za mchanga na chagua kwa ajili ya lami. Kama iko kilomita tatu ndani, hizo kilomita tatu ndizo zitakazokuamulia, hata kama zilizobaki 17 ni lami tupu.

Boxer na TVS HLX

Hizi ndizo utakazoziona zaidi, na kwa mtu wa kawaida uamuzi mgumu uko hapa. Zote ni za Kihindi, moja ya Bajaj na nyingine ya TVS. Zote zina siti ndefu, keria nyuma na shokapu mbili za nyuma zinazorekebishika, na kila mtaa una fundi anayezijua na duka lenye vipuri vyake. Boxer inakuja katika ukubwa wa 100, 125 na 150 (BM 150 kwa kipimo halisi ni cc 144.8). HLX nayo ina madaraja hayohayo.

Boxer 150 ina mvuto mzuri chini. Ukitoka kwenye tuta na gia ya tatu inavuta bila kugugumia, na hilo ni raha kwa mwili kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu mkono wa kushoto na mguu wa gia vinafanya kazi mara chache. Siti yake ni pana, abiria anakaa kwa nafasi, na mtu mrefu magoti hayamkunjiki sana. Ila upana huohuo una gharama kwa mwenye miguu mifupi. Siti ikiwa pana inatanua mapaja, na mapaja yakitanuka unapoteza sentimita kadhaa za kufika chini. Unaweza kukuta mtu anagusa kwa ncha za vidole pikipiki ambayo kwa urefu wa karatasi ingemtosha.

HLX 125 naiona nyepesi mkononi. Kwa mtu mwenye kilo 55 au 60 anayeendesha peke yake, anayesukuma pikipiki mwenyewe getini na kuigeuza uani, wepesi huo ataushukuru kila siku. Mtu mfupi, dada anayejifunza, kijana wa UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma) anayepanda mlima Chimwaga na kushuka, hao ningewaelekeza kwanza hapo, au kwenye Boxer 125. Mtu wa futi sita na kilo 90, mwenye mke wa kumpeleka sokoni Job Ndugai Jumamosi, aende 150, ya kampuni yoyote kati ya hizi mbili, na asibishane sana. Hapo tofauti ya Boxer na TVS ni ndogo kuliko tofauti ya siti mpya na siti iliyokwisha sponji.

Kuna jambo la gia ambalo wauzaji hawalisemi mpaka uulize. Matoleo hutofautiana: kuna ya gia 4, kuna ya gia 5. Kwa safari za ndani ya mji gia 4 zinatosha. Kwa mtu wa Mtumba au Chamwino, anayekaa kwenye mwendo mmoja kwa dakika ishirini, gia ya tano inapunguza mzunguko wa injini, na mzunguko ukipungua mtetemo wa mikononi unapungua. Uliza pia mpangilio: nyingine gia zote zinakanyagwa mbele, nyingine ya kwanza chini zilizobaki juu. Kama umezoea mtindo mmoja, usibadili bila kujipa muda wa kujizoeza pasipo na magari.

Za Kichina

SanLG, Haojue na wenzao. Nyingi zimejengwa kwa kufuata injini ya Honda CG125, muundo wa miaka ya 1970 wenye fimbo za kusukuma valvu. Ni injini ngumu, rahisi kufungua, na vipuri vyake ni bei ya chini kuliko vyote. Kwa mtu ambaye bajeti ndiyo inayoamua, ni chaguo la heshima kabisa, hasa kwa njia fupi: Majengo hadi Area C, Makole hadi Sabasaba.

Kwa safari ndefu, injini ya namna hii inaanza kutetema mapema ukiipeleka mbio, na mtetemo huo unafika kwenye viganja na nyayo. Dukani sponji ya siti inakupokea kama godoro, lakini kwenye nyingi inalala mapema, na mwisho unakalia karibu na bati. Ukichukua ya Kichina, weka kando fedha ya siti na ya tairi nzuri tangu siku ya kwanza, kisha ulinganishe jumla hiyo na bei ya HLX. Mara nyingine pengo lililobaki ni dogo kuliko ulivyodhani.

Honda XL na ndugu zake wa porini

Hii ndiyo pikipiki ambayo bwana shamba na mabwana afya wameiendesha miaka mingi Kongwa, Mpwapwa na Kondoa. Tairi la mbele ni kubwa na jembamba, shokapu zina safari ndefu, usukani mpana, na unakaa wima kama umekaa kwenye kiti cha kulia chakula. Kwenye korongo na mchanga hakuna katika hizi nyingine inayoifikia. Tairi kubwa linapanda juu ya shimo ambalo tairi dogo linatumbukia.

Shida ni urefu. Siti yake iko zaidi ya sentimita 80 kutoka ardhini, na mtu wa kimo cha kawaida anajikuta akisimama kwa mguu mmoja kila penye foleni. Siti ni nyembamba, kwa hiyo baada ya nusu saa ya lami unaihisi kwenye kitako, na abiria anaihisi zaidi yako. Vipuri vyake havipo kila duka. Nikiwa naishi Ntyuka ndani na ofisi yangu ina kazi za vijijini, ningeichukua bila kufikiri mara mbili. Kwa mtu wa Kisasa kwenda Mtumba, ni pikipiki nzuri iliyowekwa kwenye kazi isiyo yake.

Skuta

Skuta imedharauliwa bure na wanaume wengi. Haina klachi wala gia, miguu inakaa mbele juu ya ubao, na mwanamke aliyevaa gauni au dera anapanda bila kujikunja. Chini ya siti kuna pa kuweka laptopu au mboga. Kwa njia ya lami tupu ndani ya mji, sijaona kinachochosha kidogo kuliko hiki.

Lakini magurudumu yake ni madogo, mengi inchi 10 au 12, wakati pikipiki za kawaida zina 17 au 18. Kwenye shimo gurudumu dogo linazama na mshtuko wote unakuja kwenye uti wa mgongo. Kwenye mchanga linayumba. Kama kutoka mlangoni kwako hadi lami kuna hata nusu kilomita ya udongo uliokatwa na mvua, iache.

125 au 150, na leseni

Kabla hujaamua, angalia leseni. Daraja A1 linaishia pikipiki za cc 125, daraja A ndilo la zinazozidi hapo. Kwa mtu anayeanza hili lina uzito, maana 125 inamfaa kwa leseni na kwa mkono. Kwa mwendo, ndani ya makazi kikomo ni kilomita 50 kwa saa, na 125 inafika hapo bila kuhema. Faida ya 150 inaonekana ukiwa na abiria, ukipanda mlima, au ukipambana na upepo.

Na upepo wa Dodoma si hadithi. Kuanzia Juni hadi Oktoba unavuma mkavu, kwa kawaida kutoka upande wa mashariki na kusini-mashariki, kwa hiyo anayekwenda Mtumba asubuhi anaukata uso kwa uso. Jua nalo liko hukohuko asubuhi, na jioni ukirudi linakuwa magharibi, machoni tena. Helmeti yenye kioo safi na kikingio cha jua juu ya paji ni sehemu ya ununuzi wa pikipiki. Iingize kwenye bajeti ileile, na ya abiria pia.

Kaa juu yake dukani

Usinunue kwa kuangalia. Mwombe muuzaji akushikie, kaa na viatu vyako vya kazini, weka mikono na miguu mahali pake, kisha fumba macho kidogo na usikilize mwili. Viwiko vikiwa vimenyooka kama fimbo, usukani uko mbali. Magoti yakiwa juu ya nyonga, siti iko chini kwako, na kiuno kitalipa. Simamisha pikipiki wima kwa miguu yako: nyayo nzima ya mguu mmoja ikifika chini na ule mwingine ukafika nusu, inatosha. Wala si lazima miguu yote ilale bapa.

Ukiweza, kaa kwenye mbili tofauti ndani ya saa moja. Mwili unasahau haraka, na ulinganisho wa leo na wiki ijayo hauna maana.

Spana: marekebisho yanayobadilisha kila kitu

Pikipiki ikitoka dukani imefungwa na kijana aliyekuwa na nyingine nyingi za kufunga siku hiyo. Hakukupima wewe. Anza na mikono ya klachi na breki, kwa sababu hapo ndipo ganzi ya vidole inapoanzia. Kaa kama unavyoendesha, nyoosha vidole mbele bila kukunja kifundo. Mkono wa klachi unapaswa kukutana na vidole hapohapo vilipo. Nyingi zimekaa juu mno, zinamlazimisha mtu kuinua viganja na kukunja vifundo safari nzima. Legeza bolti ndogo ya kishikio, kwa kawaida spana namba 10 inatosha, zungusha kuelekea chini kidogo kidogo, jaribu, kaza. Usikaze kwa hasira: ukiacha ishike imara lakini iweze kuzunguka ikigongwa, siku pikipiki ikianguka mkono huo wa klachi au breki utageuka badala ya kukatika. Kisha angalia uchezaji wa klachi, milimita 10 hadi 20 kwenye ncha kabla haijaanza kuvuta. Ikiwa haina nafasi kabisa, klachi inateleza na kuungua. Ikiwa na nyingi, gia zinakataa kuingia na mguu unachoka kupigana nazo.

Usukani wenyewe unazungushika. Bolti nne za juu zikilegezwa, unaweza kuuvuta nyuma kwa mtu mfupi au kuusukuma mbele kwa mrefu. Nyuzi tano tu zinasikika mgongoni. Ukimaliza, geuza usukani kushoto hadi mwisho na kulia hadi mwisho, uhakikishe waya haukazwi na injini haipandi sauti yenyewe.

Breki ya mguu ina bolti yake ya kimo. Nyayo ikiwa imekanyaga mahali pake, kidole gumba kiwe juu tu ya breki bila kuinua mguu mzima. Mtu mwenye kiatu kikubwa mara nyingi anaendesha huku amekanyaga breki kidogo bila kujua, kisha anashangaa kwa nini pikipiki nzito na ngoma ya nyuma inachemka.

Sasa shokapu. Pikipiki hizi zimetengenezwa zikijua zitabeba magunia, kwa hiyo springi za nyuma ni ngumu kwa mtu mmoja mwepesi. Chini ya springi kuna pete yenye ngazi. Ukiendesha peke yako na una kilo 60, iweke ngazi ya chini kabisa, pande zote mbili sawa. Ukibeba abiria kila siku, panda ngazi mbili au tatu. Nimeona watu wakinunua shokapu mpya kwa tatizo ambalo pete hiyo ingelimaliza kwa dakika tano. Fundi akikuambia, "Kaka, hizi zimekufa, tubadilishe," mwombe kwanza azungushe pete, uende raundi moja mtaani, ndipo mzungumze.

Upepo wa tairi nao ni springi. Kwa pikipiki nyingi za aina ya Boxer ni psi 25 mbele na 28 nyuma, na 32 nyuma ukiwa na abiria. Kitabu cha pikipiki yako ndicho chenye neno la mwisho. Ukisema tu "jaza" bila kutaja namba, utapewa tairi gumu kama jiwe, na kila tuta la Ilazo utalihesabu. Cheni iachie mchezo wa sentimita 2 hadi 3 katikati, na kwa vumbi la hapa isafishwe mara nyingi kuliko kitabu kinavyosema. Cheni kavu inasikika mpaka kwenye nyayo.

Siti iwe ya mwisho. Fundi wa siti anaweza kuongeza sponji ngumu au kuipunguza mbele ili mtu mfupi afike chini. Mwambie asikuwekee sponji laini. Laini ni tamu dakika kumi, kisha mifupa inapita na kukuta bati. Na mwombe aifanye bapa, kwa sababu siti inayoinamia mbele inakusukuma kwenye tangi, na uzito wote unaishia kwenye viganja.

Ukiwa barabarani

Kazi ya kushika pikipiki ni ya magoti. Bana tangi kwa mapaja, legeza viwiko, na viganja vitapumzika vyenyewe. Lori likikupita barabara ya Dar, upepo wake unakusukuma nje kisha unakuvuta ndani. Aliyekaza mikono anayumba nao, aliyelegeza anaacha pikipiki icheze chini yake na inarudi yenyewe.

Kwenye tuta punguza kabla, achia breki ukilifikia, na inua kitako kidogo kwa nguvu ya miguu. Hakuna shokapu inayoshinda magoti ya mtu. Kwenye mchanga sogea nyuma kidogo, vuta mafuta taratibu bila kuachia ghafla, angalia mbali, na usiguse breki ya mbele. Hapo Boxer na HLX ziko sawa, XL inacheka, skuta inataka ushuke uisukume.

Ukinunua iliyotumika

Hapa aina ya pikipiki inaacha kuwa na uzito mkubwa, hali yake ndiyo inayolinganishwa. Boxer iliyofanya bodaboda miaka mitatu na HLX ya mwalimu iliyolala ndani si washindani, hata kama bei zinafanana. Simama mbele, shika tairi la mbele kwa magoti, uangalie kama usukani uko sambamba nalo. Inua gurudumu la mbele juu ya stendi ya kati na ugeuze usukani polepole. Ukihisi unakwama katikati, bearingi za shingo zimeliwa, na pikipiki hiyo itakuwa inakupeleka kushoto na kulia kwenye lami yote. Bonyeza mbele mara kadhaa uone kama shokapu zinavuja oili. Kamata tairi la nyuma uliyumbishe kushoto na kulia. Likicheza, bushi za mkono wa nyuma unaoshika gurudumu, au bearingi za gurudumu lenyewe, zimekwisha.

Kisha muombe mwenyewe muende wote mpaka kwenye lami. Fika kilomita 50 kwa saa na ulegeze mikono bila kuiachia kabisa. Inayokwenda moja kwa moja na kutulia, ijadilini bei. Inayotingisha usukani au kuvuta upande mmoja, mshukuru mwenye mali umrudishie ufunguo, kwa sababu fremu iliyopinda haina spana ya kuinyoosha na utakuwa unaisahihisha kwa mabega kila asubuhi mpaka Mtumba.